Ghala Lililooshwa

"Mumeo amekufa, mwili ulikuwa bado hospitali, na wewe ukakaa uani unafua nguo zake. Kwa nini?"

Esther hakujibu haraka. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono imelala mapajani, kitenge chake kimekunjamana kwa kulaliwa. Inspekta Kokugonza alimwachia kimya. Watu wenye uongo hukimbilia kujaza kimya. Huyu hakukimbilia.

"Zililetwa ndani ya begi lake," Esther alisema hatimaye. "Nikaziloweka kama ninavyofanya kila Jumamosi akirudi. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu."

"Ulikuwa unaondoa ushahidi?"

"Ushahidi wa nini, afande? Nguo zake za kazi hazikuwa zinaingia ndani. Alikuwa anazivulia uani, anasema zinawasha, mtoto asizishike. Ule unga wa kuku unawasha."

Koplo Privatus, aliyekuwa akiandika maelezo karibu na dirisha, aliinua kichwa. Kokugonza alimpa ishara aendelee kuandika.

Mambo yaliyojulikana mpaka asubuhi hiyo hayakuwa mengi. Damian, mume wa Esther, aliyepanga nyumba Bilele, mjini Bukoba, alikuwa mchanganya chakula kwenye shamba la majaribio la kampuni ya Lweru Lishe, kule Kamachumu. Kampuni ilikuwa inapima usalama wa kimeng'enya kipya cha kuongeza kwenye chakula cha kuku, kitu cha kumsaidia kuku kuyeyusha pumba tumboni na kupata nguvu zaidi. Damian alikutwa amekufa ghalani, mlango umefungwa kwa ndani, midomo imekuwa ya bluu. Mdogo wake, Mwesiga, mfanyabiashara wa dagaa kisiwani Goziba, akaja polisi na kusema kaka yake amewekewa sumu na mkewe kwenye chakula alichofungiwa nyumbani. Esther akachukuliwa kutoka msibani, kabla ya mazishi, na Damian akazikwa yeye akiwa mahabusu.

Daktari wa hospitali hakuona dalili ya sumu. Aliona mirija ya hewa iliyovimba mpaka ikaziba. Pumu kali, alisema. Vipimo vya tumbo vilikuwa vimepelekwa Mwanza, na mkuu wa Kokugonza alikuwa ametoa amri moja: mpaka majibu yarudi, mwanamke habanduki mahabusu.

"Damian alikuwa na pumu?" Kokugonza aliuliza.

"Hapana. Alikuwa anapandisha baiskeli mpaka Kamachumu na ndizi nyuma."

"Alianza lini kukohoa?"

"Walipoanza hilo jaribio. Mwanzoni mafua tu. Halafu kifua. Lakini Jumapili jioni anakuwa mzima. Jumatatu akinipigia simu namsikia kifua kinapiga mluzi." Esther alivuta pumzi. "Alipokwenda Goziba kwa shemeji, walipokuwa na msiba wa baba yao mdogo, alikaa muda mrefu. Akarudi amepona kabisa, hata mwili umerudi. Siku aliyoingia tena kazini alikohoa mpaka akatapika."

"Alimwambia mtu yeyote kazini?"

"Alimwambia yule daktari wao wa kuku. Alisema amemwambia."

Kokugonza alifunga kalamu yake. Mke aliyeweka sumu angekuwa na haja ya hadithi ya ugonjwa, hilo alilijua. Lakini angesema mume alikuwa mgonjwa siku zote. Asingesema alikuwa anapona nyumbani, mahali penye jiko lake.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Mwesiga alisimama alipomwona. Alikuwa anakuja pale kila siku, na shati lake jeusi la msiba.

"Amekiri?"

"Bado nauliza."

"Waitu, afande, mnamchelewesha bure. Yule alitaka kibanja cha kaka yangu, na migomba yake yote."

Kokugonza alimpita bila kumjibu.

*

Kamachumu kulikuwa na baridi na jua kwa pamoja. Kando ya barabara buni zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka. Shamba la Lweru Lishe lilikuwa nyuma ya migomba, mabanda manne ya kuku yenye paa jipya, na ghala la matofali mwishoni.

Daktari Rugaibula aliwapokea getini. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa miaka ya hamsini, mwembamba, koti jeupe lililopigwa pasi. Alimwombea marehemu pumziko jema, akamsifu kwa bidii, kisha akaanza kuwatembeza kama wageni wa maonyesho.

"Banda hili halipati kimeng'enya kabisa. Lile linapata kiasi cha kawaida. Lile la mwisho linapata mara kumi. Tunataka kuona kama kikizidi kuku ataumia. Na angalieni wenyewe."

Kuku wa banda la mwisho walikuwa wazuri kuliko wote. Manyoya yanang'aa, upanga wa kichwani mwekundu, wanakwaruza pumba kwa furaha.

"Hakuna aliyekufa?" Kokugonza aliuliza.

"Hata mmoja. Mayai tumepima, maini tumepima, kinyesi tumepima. Nikikabidhi ripoti, kibali kitatoka, na kila mfugaji wa Kagera atakuwa nacho."

"Na watu?"

"Watu hawali chakula cha kuku, Inspekta." Rugaibula alitabasamu.

"Chakula cha banda hili la mara kumi, nani alikuwa anachanganya?"

"Damian. Alikuwa mwangalifu."

Ghalani kulikuwa na harufu ya sabuni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kuta zimeoshwa mpaka urefu wa mtu alipofika na fagio. Juu ya hapo matofali yalikuwa na vumbi la siku nyingi. Hata mifuko ilikuwa imepangwa upya, mdomo wa kila mmoja umekunjwa kwa usawa.

"Nani ameosha hapa?"

"Mimi niliagiza. Mtu amefia humu. Wenzake walikataa kuingia kabla hapajasafishwa."

"Siku ile ile?"

"Mchana wake. Polisi wa kwanza walikuwa wameshaondoka na mwili. Hakuna aliyenikataza."

Hilo lilikuwa kweli, na Kokugonza hakulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Aliomba kuona kimeng'enya chenyewe. Rugaibula alifungua mfuko, akachota kwa mkono mtupu na kummiminia kiganjani. Zilikuwa punje ndogo, ngumu, za rangi ya maziwa, mfano wa ulezi. Kokugonza alizisugua. Hazikuvunjika, hazikuacha kitu kwenye vidole.

"Ndivyo inavyokuja?"

"Punje tu. Zimefunikwa na utando, hazitoi vumbi. Ni salama kama chumvi."

"Haijawahi kuwa unga?"

"Kamwe."

Privatus alikohoa kidogo kando. Kokugonza hakumtazama. Alizirudisha punje mfukoni, akaingia chumba cha pili, ambako mashine ya kusaga ilikuwa imekaa kimya, mkanda wake umevuliwa. Nayo ilikuwa imefutwa. Alifungua kifuniko cha pembeni, akachungulia chekeche lililokuwa ndani.

Mama yake alikuwa amefuga kuku wa mayai miaka mingi kule Muhutwe. Mahindi ya kuku yanasagwa yabaki chenga, kwa chekeche lenye matundu makubwa. Matundu ya hili yalikuwa madogo mno.

"Hili ni la unga laini," alisema.

"La ugali," Rugaibula alijibu bila kusita. "Tunawasagia wafanyakazi chakula. Nilisahau kulibadilisha."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuja tu haraka kupita kiasi. Kokugonza alimwachia Privatus kazi ya kulifungua chekeche, kukwangua vumbi lililobaki kwenye kona za mashine na kulifunga kwenye bahasha. Yeye alizunguka nyuma, kwenye jiko la wafanyakazi. Mpishi, mwanamke mnene mwenye mikono myeusi kwa utomvu, alikuwa anamenya ndizi. Maganda yalikuwa yamelundikana ukutani, mapya juu ya makavu.

"Leo mnakula nini, mama?"

"Ebitoke, ndizi tu, waitu. Kuna siku nyingine?"

"Ugali hampiki?"

Mpishi alicheka. "Ugali huku utamlisha nani? Watanifukuza."

Waliporudi kwenye gari, Rugaibula alimfuata mpaka dirishani. Alionekana mtu aliyepima neno lake kabla ya kulitoa.

"Sipendi kusema watu, Inspekta. Lakini muulizeni Sunil, wakala wa pale Bukoba anayetuletea kimeng'enya. Marehemu aligombana naye dukani, siku chache kabla hajafa. Sijui walikuwa na nini."

*

Duka la pembejeo la Sunil lilikuwa karibu na soko la Bukoba, la zamani, lenye milango ya mbao iliyorithiwa kutoka kwa babu yake. Sunil alikuwa anampimia mteja chokaa ya kuku. Alipoona sare ya Privatus, mizani ilimponyoka kidogo.

"Damian? Simjui mtu wa jina hilo."

"Mchanganyaji wa Lweru Lishe."

"Wale wananunua kwa jumla, dada. Mimi najua madereva wao tu."

Kokugonza alisubiri mteja aondoke. Kisha akavuta kigoda na kukaa, kama mtu asiye na safari.

"Sunil, watu walikuona ukigombana naye hapa hapa. Sasa yeye amekufa na wewe humjui. Koplo, piga simu kituoni waje wafunge duka. Tutachukua kila mfuko wa kimeng'enya, hii dawa unayowaletea, tukaupime."

"Ngoja, ngoja." Sunil alipangusa uso kwa kitambaa cha mizani. "Hatukugombana. Alikuja amefura, ni kweli. Anapumua kama aliyekimbia. Aliniuliza, dawa yako inakuja ikiwa punje au unga? Nikamwambia punje, siku zote. Akanipigia ngumi hii kaunta. Akasema, basi mimi ninavuta nini kifuani?"

Privatus aliacha kuandika.

"Akaeleza?"

"Alisema wanazisaga. Nikamwambia haiwezekani, hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusaga kitu hiki. Kwenye mafunzo ya mawakala tulionyeshwa. Zamani vimeng'enya vya aina hii vilikuwa unga, na watu wa viwandani wakawa wanaharibika vifua. Ukivuta kidogo kidogo mwili unakizoea vibaya, unaanza kukikataa. Siku moja unavuta, kifua kinafunga. Ndiyo maana sasa inafunikwa utando. Ukisaga, umeuvunja. Ukila haina neno. Kuku hana neno. Ni ile ya kuvuta."

"Kwa nini umenidanganya?"

Sunil alitazama rafu zake. "Alipoondoka nilimpigia daktari Rugaibula. Nikamwambia, mtu wako anasema mnasaga, acheni mara moja, mtaua mtu. Alinishukuru sana. Akasema atalishughulikia." Sauti yake ilishuka. "Halafu nikasikia Damian amekufa. Nikajiuliza kama nilimsaidia au nilimuuza. Na nikajua mkisikia dawa yangu imeua mtu, hakuna atakayeingia tena humu. Kwa hiyo nikanyamaza. Sikufanya vizuri, dada."

"Utayasema hayo mahakamani?"

Aliitika kwa kichwa.

Kokugonza hakuridhika bado. Sunil alikuwa na sababu ya kumsukumia daktari mzigo, na daktari alikuwa na sababu ya kumsukumia Sunil. Mmoja wao alikuwa anasema kweli, na ukwanguo wa mashine ungechukua siku kadhaa kurudi kutoka maabara. Esther angezimalizia siku hizo mahabusu.

Kituoni alimkuta Mwesiga kwenye benchi lake. Safari hii alikaa kando yake.

"Nataka unikumbushe kitu. Neno sumu. Nani alikuwa wa kwanza kulitamka?"

"Ilijulikana tu."

"Haikujulikana. Mtu alikuwa amekutwa amekufa kazini, hakuna jeraha. Ungeweza kusema moyo. Ungeweza kusema mapafu, ulikuwa umemsikia akikohoa. Nani alikuambia sumu?"

Mwesiga alikunja uso, akitafuta. Kokugonza aliona wakati alipolipata.

"Daktari wa kule. Siku tunafuata begi lake alinivuta pembeni. Alisema kuku wote wazima, dawa ni salama, kwa hiyo labda tuangalie chakula alichotoka nacho nyumbani." Alitazama mlango wa mahabusu. "Alisema ananiambia kama ndugu."

*

Kesho yake Rugaibula alikuja kituoni kusaini maelezo yake. Alikuwa mchangamfu. Alimsalimia Privatus kwa Kihaya, akauliza kama majibu ya Mwanza yamefika, akasikitika kwa kichwa alipoambiwa bado.

"Tumalizie jambo moja dogo," Kokugonza alisema. "Koplo, lete ule mzigo tuuhamishe kwenye chombo kingine, uingizwe stoo ya vielelezo."

Privatus aliingia na mfuko wa nailoni na karai. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga mezani kutoka dirishani. Aliushika mfuko juu, akaukata chini, akauacha umiminike. Unga mweupe ulianguka karaini na ukungu wake ukapanda, ukatanda kwenye mwanga mpaka usoni mwa daktari.

Rugaibula aliruka. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono wa koti umeziba pua na mdomo, macho yamemtoka.

"Fungueni madirisha! Mna wazimu? Hamjui hiyo ni..."

Kokugonza hakuinuka. Alichovya kidole karaini, akakilamba.

"Muhogo," alisema. "Nimeununua sokoni leo. Hujaniuliza ni nini, wala sijakuambia. Juzi uliniambia dawa yako ni punje tu, salama kama chumvi, haijawahi kuwa unga. Ukazishika kwa mkono mtupu mbele yangu. Sasa ni unga gani huo unaokuogofya, daktari?"

Rugaibula alishusha mkono polepole. Ukungu wa muhogo ulikuwa umemtua mabegani.

"Nina mafua," alisema. "Vumbi lolote linanisumbua."

"Wafanyakazi wako hawali ugali. Chekeche lako tunalo. Kilichobaki kwenye mashine kiko maabara. Sunil alikupigia simu akakuonya, na kampuni ya simu itatupa kumbukumbu ya simu hiyo. Na Mwesiga yuko hapo nje. Ameshaniambia nani alimfundisha neno sumu." Alisimamisha kiti kilichoanguka. "Kaa."

Rugaibula alikaa. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza somo, kama kwamba jambo hilo likieleweka vizuri litasameheka.

Punje zilikuwa nzito kuliko pumba. Zilikuwa zinazama chini ya mfuko, kuku hawa wanapata nyingi, wale hawapati. Vipimo vilikuja vimetawanyika, havina maana. Kampuni ilikuwa inamsukuma. Basi akaona akizisaga zitachanganyika sawasawa. Damian alikuwa anajifungia ndani akisaga, unga usipeperushwe na upepo. Na kweli, vipimo vilinyooka.

"Ulijua madhara yake kwa mtu?"

"Nilimpa barakoa."

"Ya namna gani?"

"Ya kitambaa."

"Alipokuja kukuambia kifua kinambana, ulimjibu nini?"

Rugaibula alitazama karai. "Nilimwambia avumilie. Tulikuwa tunakaribia kumaliza."

"Ungeweza kumhamisha. Kuokota mayai, kulinda geti, chochote."

"Ningelazimika kueleza sababu kwenye ripoti. Mfanyakazi akiugua, jaribio linasimamishwa. Miaka miwili ya kazi."

"Si ndicho mlichokuwa mnakipima?" Kokugonza aliuliza. "Usalama?"

Privatus alimsomea Rugaibula haki zake, akampeleka kwenye kaunta avue mkanda na saa. Mashtaka yangekuwa kuua bila kukusudia, kuharibu ushahidi, na kumsingizia mtu asiye na hatia. Kokugonza alimpigia simu mkaguzi wa mifugo wa mkoa, mashine ile ifungwe na mifuko yote ya ghala lile isiguswe. Kisha akapanda ghorofani kwa mkuu wake, akakaa huko mpaka akashuka na karatasi iliyosainiwa.

Esther alitoka mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi. Alisimama kaunta kupokea vitu vyake, simu na pete, akaambiwa kwamba hakuna kesi juu yake, kwamba mumewe aliuawa na vumbi la kazini, na kwamba mtu amekamatwa. Alisikiliza yote bila kubadilika uso.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," alisema. "Alikuwa ananiambia ni ule unga. Mimi nikawa nampa tangawizi."

Mwesiga alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Shati lake jeusi lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake pale pale sakafuni, askari na raia wakitazama.

"Shemeji," alisema.

Esther alivaa kiatu kimoja, halafu cha pili. Alimtazama kwa muda mrefu mwanaume yule aliyemfanya alale kwenye saruji. Kokugonza alidhani atampita aende zake, na asingemlaumu.

"Inuka," Esther alisema. "Sijui hata mlimzika upande gani wa kibanja. Nipeleke nikaone."